Jino Linalotiwa Kwenye Mfupa

Rujewa,
14 Agosti 1977

Kaka Bujiku,

Natumaini mgodi wa Makongolosi haujakumaliza nguvu. Sisi mpunga tumeshavuna, na watoto wanakohoa kidogo tu.

Juzi nilifika Tosamaganga kutazamwa pengo la meno yangu matatu ya mbele. Daktari mgeni aliniambia kwao wameanza kutia kijiti cha chuma ndani ya mfupa wa taya. Kinaachwa miezi kadhaa mpaka mfupa ukishike, ndipo jino la bandia hufungwa juu yake. Halitoki, unatafuna nalo hata mahindi ya kuchoma. Hapa kwetu hakuna, kwa hiyo atanitengenezea ya kuvaa na kuvua. Alisema nisikawie, maana pasipo na jino mfupa hupungua.

Nikamuuliza kama jino la namna hiyo likipigwa ngumi litahimili. Akaweka kalamu chini. Hakuniuliza tena habari za ng'ombe.

Kaka, ile barua iliyosema ng'ombe alinipiga teke nikikamua, aliiandika mume wangu, shemeji yako Seni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na kitambaa mdomoni. Hii naandika mwenyewe. Nimemaliza kisomo cha watu wazima mwezi uliopita, naye anadhani bado nafuatisha herufi.

Usinijibu, barua zote anafungua yeye. Njoo mwenyewe, nikiwa bado nina magego.

Mdogo wako,
Mbuke