Nyumbani Mara Moja Tu

Jumatatu, 3 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Nilishachagua.

Mama anadhani bado nafikiria. Bibi ananiambia nisijichoshe na kufikiria. Na mimi sifikirii chochote. Nilichagua siku ileile Mama alipotukalisha, mimi na Bibi, akasema amepata kazi mji mwingine, tutahama mwisho wa likizo, na Baba hatukuja naye. Hatutakuja naye, nilitaka kuandika. Sijui kwa nini nimekosea.

Baba alikuwa ameshahama. Yuko chumba cha juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi, mitaa mitatu kutoka hapa. Mama akasema mimi si mtoto tena, niamue mwenyewe nakwenda au nabaki, nimwambie kabla ya Jumapili hii.

Nabaki na Baba. Sababu ni ndogo: yeye hajaniuliza.

Basi, nimeandika. Haijauma. Nilidhani itauma.

Kwa mdomo ndiyo siwezi. Darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, naangalia dawati mpaka amgeukie mwingine.

Leo uyoga umefika. Ndivyo tunavyokiita mimi na Baba, kile kipokezi cha GPS – kiduara juu ya kijiti, kinakaa mgongoni mwa droni. Kinasikiliza setilaiti, kisha kinaiambia droni iko wapi duniani. Ubao mdogo wa katikati unaoamua kila kitu tunauita rubani. Droni tuliianza pamoja. Alipohama akasema malizia wewe, mikono yangu imekuwa minene. Uongo. Kazi yake ni kufunga madishi ya televisheni, mikono yake inaingia popote.

Mama aliona boksi, akauliza ni la shule? Nikasema kama la shule.


Jumanne, 4 Agosti

Nimelehemu nyaya. Bibi akapiga kelele kutoka jikoni: nani anaunguza sufuria?

Nikachomeka kompyuta. Hakuna GPS. Nikachomoa, nikachomeka tena. Hakuna. Nikampigia Baba.

"Umeunganisha vipi?"

Nikamsomea: TX kwa TX, RX kwa RX. Herufi zinafanana, nikaunganisha zinazofanana.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, TX ni mdomo, RX ni sikio. Umeunganisha mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Wote wawili wanaongea, hakuna anayesikia. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule."

Kisha nikasikia funguo zinagongana mfukoni mwake.

"Mwambie mama yako ufunguo wa tangi la maji nilisahau, ninao mimi," akasema.

Nikamwambia Mama. Mama akasema mwambie baba yako kufuli tulishalivunja.

Nikamwambia. Mimi ndiye waya.

Nyaya nimezibadilisha. Taa ya uyoga sasa inapepesa.


Alhamisi, 6 Agosti

Setilaiti sifuri. Chini ya bati uyoga hausikii kitu. Nikaitoa droni uani, Bibi alikokuwa anamenya viazi.

"Hako kainzi kanangoja nini?"

"Setilaiti, Bibi. Mpaka azipate za kutosha ndiyo akubali kuruka."

"Kama babu yako. Hatoki mpaka akague mawingu pande zote, halafu anasema leo siendi."

Sifuri. Sifuri. Nne. Kisha tisa, kama wageni walioteremka basi moja. Nilisema "tisa" kwa sauti. Bibi akasema hongera, tisa za nini?

Nilipaswa kufurahi. Nimekumbuka jioni hii kwamba nilipaswa.


Ijumaa, 7 Agosti

Leo mipangilio. Programu imeandikwa kwa Kiingereza cha shule, mimi natafsiri kichwani, na kuna neno moja linarudi kila ukurasa: nyumbani. Ukibonyeza swichi ya kurudi, droni inarudi nyumbani. Sasa nyumbani ni wapi? Si ilikotengenezwa. Si anakokaa mwenye droni. Ni pale ilipokuwa imesimama mota zilipowashwa. Basi, hivyo tu. Nimesoma mara mbili.

Halafu swali. Nyumbani pawekwe upya kila mota zikiwashwa, au mara moja tu mpaka betri ichomolewe?

Nimeweka mara moja tu. Nani anataka nyumbani pabadilike kila saa.

Mama kaja akasimama mlangoni, vikombe na magazeti mkononi, anafungasha vyombo. "Umefika wapi?"

Sijui alikuwa anauliza droni au lile jambo. Nikasema bado kidogo.


Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilijaribu mota uani, bila mapanga, yale mabawa yanayoirusha. Zote nne zikazunguka. Setilaiti kumi na moja. Nikaogopa kuchomoa betri – zikipotea nitaanza kungoja upya mbele ya Baba. Nikaiacha humohumo, nikaibeba droni kifuani kama paka mgonjwa mpaka uwanja wa nyuma ya duka la kadi. Mapanga nikayafunga kwenye kona, nimejificha, kwa sababu sheria ya kwanza ya Baba ni betri nje ndipo ushike mapanga. Anasema hataki kutafuta vidole vyangu kwenye majani.

Baba alikuwa ameshafika, kama tulivyopatana, yuko na shati la kazini.

"Betri umeichomeka hapa hapa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, rusha."

"Rusha wewe."

Nikampa rimoti, akarusha. Ikapanda, ikasimama hewani. Akaachia vijiti vya rimoti na droni haikusogea. "Iangalie," akasema polepole, "kama imetundikwa msumari." Akaipeleka mpaka mwisho wa uwanja, ikawa kama nukta. "Sasa iite. Swichi ipi?"

Nikamwonyesha. Akabonyeza.

Ikapanda juu zaidi. Ikageuza pua. Ikaja, ikatupita vichwani, ikavuka duka la kadi, ikashika njia ya juu ya mapaa.

"Inakwenda wapi hii?"

Mimi nilijua. Mota niliziwasha uani kwa Mama. Betri haikutoka. Mara moja tu.

Kidole chake kilikuwa bado kwenye swichi. Angeirudisha swichi tu, angeiongoza droni mwenyewe kwa mkono. Akaangalia upande ilikoelekea. Anaujua ule upande, ameishi kule kabla mimi sijazaliwa. Kisha akaondoa kidole.

"Betri si umeichomeka hapa?"

Kichwa tena. Kichwa changu hiki.

"Basi nyumbani kwake umepaweka kule mwenyewe."

Halikuwa swali. Sauti ya droni ikaisha. Akanifunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni, kama nina miaka mitano.

"Sawa, mwanangu. Umeniambia kwa namna yako. Nilikuwa nahangaika nitakuulizaje."

Baba, ni betri. Maneno matatu. Yalikuwa mdomoni, nayahisi kwenye meno, na hayakutoka. Ndani hakuna kitu, ganzi, kama mkono ulioulalia.

Nyumbani nikakuta ilikuwa imetua kwenye shuka za Mama zilizoanikwa uani. Kamba imelegea, panga moja limevunjika. Bibi akasema kainzi kamekuja peke yake, tena kana adabu, kamepiga hodi kwenye shuka kabla ya kuanguka. Mama alikuwa amekaa chini, ameipakata, anaifuta vumbi kwa upindo wa gauni.

"Baba yako ndiye aliyeileta huku?"

"Imerudi yenyewe."

Huo ni ukweli mtupu, na ndio ulioharibu.

"Hata kidude kinajua kwao," Mama akasema. Akacheka. Meno yote nje. Sijamwona hivyo tangu sijui lini. "Basi nimekuelewa, mama. Usiseme. Najua kusema kunakuchosha."

Usiseme. Wote wawili wananirahisishia.


Jumapili, 9 Agosti

Sanduku liko kitandani. Mama amekunja sweta zangu zote, hata ile ya shule ambayo huko hatutaivaa. Huko hawataivaa. Sijui niandikeje.

Asubuhi Baba alituma ujumbe: mwambie mama yako Jumatano mkihama nitaomba gari la kazini niwabebee mizigo yenu. Yenu. Nikamsomea Mama. Akasema mwambie asante, na leo aje aone vitu vikubwa, kabati halitapita mlangoni bila kufunguliwa.

Asante. Tangu niwe waya, neno hilo halijawahi kupita.

Nikisema sasa, naukata huo waya. Nisiposema, Jumatano nimo kwenye gari, katikati, Baba anaendesha.

Nimejaribu mbele ya dirisha. Nabaki na Baba. Droni ilikuwa betri tu. Mdomo unafunguka, sauti haiji. Mbele ya dirisha, tena peke yangu. Nimerudi ukurasa wa Jumatatu, nimesoma ile sentensi. Pale imekaa vizuri. Haitetemeki.

Gari la kazini limesimama nje. Namsikia Bibi anamwambia Baba amekonda, je, kule juu ya kadi za harusi wanamlisha karatasi? Baba anacheka. Mama anasema mwache, Mama, ana kazi.

Wameingia ukumbini. Wanapima kabati. Baba anataja kipimo, Mama anarudia. Hakuna aliyesema mwambie baba yako. Hakuna aliyesema mwambie mama yako. Wanaongea wao kwa wao, mdomo kwa sikio, na mimi simo.

Sasa wanakuja huku. Ndala za Mama. Buti za Baba nyuma yake. Mama anasema sanduku la mtoto liko tayari, anza na hilo.

Daftari linaingia chini ya mto. Ukurasa wa Jumatatu niliukunja kona, na mto huu ni mdogo, kona itaonekana. Ningeweza kuisukuma ndani zaidi.

Wamefika mlangoni. Ionekane basi, wasome wenyewe.