Vidole Vitatu Ndani ya Jerikeni

Jumatano. Tangu alfajiri mawingu yameikalia Lubaga, mtaa wetu hapa Kampala, kama kuku anayeatamia, na mvua haitaki kuamua. Magoti yananiuma. Moyo nao una kitu, lakini huo nitauchelewesha kidogo, maana mzee akianza na moyo wasomaji wanakimbia.

Leo nimeona maziwa yakinyweshwa pombe.

Kwa asiyejua mtaa wetu: nyuma ya nyumba yangu kuna mama mmoja tunamwita Nalongo, jina ambalo Waganda humpa mwanamke aliyezaa mapacha. Ana ng'ombe wanne katika banda la mabati. Anakamua mwenyewe kabla ya jua, anamimina kwenye majerikeni mawili ya njano, anafungua lango, na sisi tunapanga mstari. Kwenye ubao ameandika kwa mkaa: MAZIWA MABICHI. Mume alishapotea zamani. Wale ng'ombe ndio mume, ndio karo ya mapacha, ndio sukari na sabuni. Mimi ni mteja wake wa kwanza kila siku. Nakunywa kikombe changu palepale langoni, maziwa yakiwa bado na joto la chuchu, nafuta masharubu, naanza umbea.

Leo kabla sijafuta masharubu akatokea binti mmoja wa serikali, koti jeupe, buti za mpira, sanduku mkononi. Anapita mtaa kwa mtaa kukagua watu wanaouza maziwa moja kwa moja kutoka bandani. Akasoma ubao, akatikisa kichwa. "Nyabo, mama yangu, maziwa mabichi hayatakiwi kuuzwa hivi."

Vita vikaanza hapo, na vilikuwa vita vya neno moja. Sisi tukisema mabichi tunamaanisha ya leo, matamu, hayajazeeka. Yeye akisema mabichi anamaanisha hayajaona moto. Nalongo akaelewa kwamba serikali imepiga marufuku maziwa ya leo.

"Sasa serikari nataka mimi nauza ya jana?"

Mstari mzima ukacheka. Binti naye akacheka, na hapo nikaanza kumpenda, jambo la hatari kwa mkaguzi na kwa mzee pia.

Akatoa vichupa viwili vya kioo. Akachota maziwa kidogo kutoka kila jerikeni, kisha akaongeza spiriti, kiasi kilekile. Nikanusa. Mimi ni Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa nchi hii na bunduki ya Mwingereza begani, tena Mwislamu, ingawa imamu ana mashaka. Harufu ile naijua. Msiniulize niliijulia wapi.

"Binti," nikamwambia, "unataka kulewesha ndama?"

"Mzee, maziwa mazima ukiyapa hii hayashtuki. Yaliyoanza kuharibika yanaganda."

Kumbe maziwa mema ni kama mimi ujanani: yanakunywa na hayaanguki!

Kichupa cha kwanza kikatulia, cheupe, na adabu zake zote. Cha pili kikakatika vipande vipande mbele ya macho yetu.

"Haya yamelala," akasema binti. "Ni ya jana."

"Hapana rara!" Nalongo akapiga paja. "Yote mbiri nakamua reo! Uriza huyu mzee."

Nikaulizwa, nikasema kweli. Ukuta wangu na banda lake vinagusana, na alfajiri nilisikia maziwa yakilia ndani ya ndoo. Ng'ombe walewale, mkono uleule, asubuhi ileile. Jerikeni moja limefaulu, jingine limefeli. Kwa nini?

Mimi shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Lakini swali likishaniingia haliniachi, kama funza kwenye kidole cha mguu. Wengine walikuwa wanabishana habari za serikali, za kodi, za viwanda vikubwa vinavyotaka kumla mnyonge. Mimi nilikuwa naliangalia lile jerikeni lililofeli. Nikafikiri: nikionyesha kwamba ndani ni safi, basi spiriti ya binti ndiyo mbovu, na Nalongo amepona.

Maziwa yake yalishamwagwa kwenye ndoo. Nikaliinua. Mdomo wake haupitishi mkono, unapitisha vidole vitatu tu. Nikaviingiza, nikapapasa. Safi. Nikapeleka kule juu, penye mpini. Maisha yangu yote nimebeba majerikeni, tangu tulipokuwa tunakimbia vita na maji kichwani, na sikuwahi kujiuliza kama ule mpini una tundu ndani.

Una tundu.

Na ndani ya tundu kulikuwa na mtu anaishi. Nikavuta. Likatoka donge la njano, laini, refu kama ufunguo, na harufu iliyorudisha mstari wote nyuma. Maziwa ya lini hayo, Mungu ndiye anayejua. Kila siku Nalongo analisuuza jerikeni kwa maji ya moto, analitikisa, analianika juani. Maji yanapita chini, juu hayafiki.

Nimesimama pale na donge kidoleni kama bwana harusi aliyevishwa pete mbaya.

"Mzee," Nalongo akaniuliza polepole, "nani alituma kidore yako?"

Hakuna aliyekituma.

Binti hakufoka. Aliandika karatasi yake, akamweleza kwa upole: lango lifungwe mpaka apate madebe ya aluminiamu yenye mdomo mpana, mkono mzima uingie na kusugua. Sokoni Kikuubo yapo. Na ng'ombe wapimwe damu. Watu wakatawanyika na sufuria zao tupu. Mama mmoja alinipita akasema, "Asante, mpelelezi." Si asante ile ya kushukuru.

Mimi huyoo, nikamfuata binti mpaka kona. Swali jingine lilikuwa limeingia.

"Lile jerikeni lililofaulu. Maziwa yake ni salama?"

Akasimama. Akaniambia spiriti haioni kila kitu. Kuna homa inayotoka kwa ng'ombe mwenyewe. Maziwa yake yananukia vizuri, yanakunywa pombe bila kuanguka, na homa imo ndani. Hiyo inauawa na moto tu. "Wewe mzee nyumbani unachemsha?"

"Kila siku," nikasema.

Nimeidanganya serikali nikiwa na maziwa mabichi kwenye masharubu.

Sasa tumefika kwenye moyo.

Mwaka jana niliugua wiki nyingi. Homa inakuja jioni, inaondoka asubuhi kama mgeni asiyependa chai, viungo vinauma, jasho linalowesha godoro. Mtaani niliwaambia malaria. Haikuwa malaria. Hospitali walipima damu, daktari akauliza nakunywa maziwa gani, nikamwambia. Akasema basi ni hiyo, brusela, imetoka kwa ng'ombe. Nikapewa vidonge vya wiki sita na onyo la maisha.

Na Nalongo, siku zote zile nikiwa kitandani, alikuwa ananiletea kikombe ili nipate nguvu.

Na mimi nilikuwa nakunywa.

Nilinyamaza kwa nini? Nilijiambia namlinda, lango lisifungwe, mapacha wasirudishwe nyumbani kutoka shule. Huo ni uongo mzuri, una kanzu na kofia. Ukiuvua nguo, ndani kuna mzee anayependa kikombe chake cha asubuhi na kigoda anachokalia pale langoni, ambapo watu bado wanacheka anaposema kitu. Nilijua mwaka mzima jambo ambalo hata kichupa cha binti hakiwezi kuliona. Mtaa mzima unakunywa, mimi najua, natania.

Saa tisa nikaenda kwake. Alikuwa uani anakata jerikeni kwa panga, sijui awanyweshee kuku au alilipizie kisasi. Mapacha wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja na kikombe chake, midomo myeupe. Maziwa ambayo hayakuuzwa lazima yanywewe na mtu.

Nilikuwa nimetayarisha utani mmoja wa kuanzia. Nilipoona ile midomo myeupe, utani ukakimbia.

"Nalongo," nikasema, "ile malaria yangu haikuwa malaria."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Panga likabaki hewani. Nilitegemea matusi, na matusi ya Nalongo ni mazuri, yana mashairi. Hayakuja.

"Mwaka muzima," akasema. "Wewe najua mwaka muzima, na watoto yangu nakunywa mbere yako."

Akaweka panga chini. Akawapokonya watoto vikombe, mmoja akalia. Akamimina yote kwenye sufuria, akawasha sigiri ya makaa, akasimama juu yake na kijiko. Maziwa yakapanda, akayashusha. Yakapanda tena, akayashusha tena. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Nilipoaga hakugeuka.

Nimerudi, nimekaa, mvua bado inafikiria. Watu mtaani wanasema binti wa koti jeupe amefunga lango la mama wa watu. Wengine wanasema ni kidole changu. Wote wamekosea kidogo, na wanaojua hivyo ni mimi na mwanamke mmoja asiyetaka kuniangalia. Kesho daktari wa mifugo atawatoa ng'ombe damu, naye Nalongo ataazima gari la jirani apeleke sampuli zikapimwe, nimesikia kupitia ukuta. Kama wana ile homa, sijui atabaki na ng'ombe wangapi. Labda asibaki hata na mmoja. Nami najiuliza, kama lile donge lisingetoka leo, ningenyamaza mpaka lini? Nimelitafuta jibu pande zote na kila nikilipata silipendi.

Asubuhi nitapita langoni kwake mikono mitupu. Asiponisalimia, nitamsalimia mimi. Asipoitika, nitapita tena keshokutwa. Uzee una faida hiyo moja: hauna mahali pengine pa kwenda.