Mchanga wa Chujio la Feza

Jumatatu, 12 Mei
Matofali tangu alfajiri. Mgongo unawaka.
Mwanangu Feza ana kazi ya shule: kuonyesha darasani jinsi mchanga na makaa vinavyosafisha maji machafu. Mama yake yuko mjini Baraka na wadogo zake, kwa hiyo msaidizi ni mimi, niliyeacha shule mwaka wa nne. Nimekata chupa ya plastiki, nimetoboa kifuniko. Mchanga nimeuchagua mwenyewe kwenye shimo letu la kazini. Ukiufumbata, unashikana. Mzuri kabisa.

Jumanne, 13 Mei
Nina hasira mpaka sasa.
Wazazi tuliruhusiwa kuja. Nilisimama nyuma ya darasa na suruali ya kazi. Feza akamimina maji ya mtoni. Yakatoka mekundu kuliko yalivyoingia. Mwalimu akainua glasi.
"Feza, umetuletea chai? Sukari iko wapi?"
Darasa zima likacheka. Mwalimu akaitazama suruali yangu, akacheka tena. Sifuri. Feza arudie Ijumaa. Akishindwa, sifuri inabaki.
Mtu mzima, anamfanya mtoto kichekesho. Ningempiga. Kweli ningempiga.

Jumatano, 14 Mei
Nimemuuliza fundi mwashi anayechukua matofali kwetu. Akashika kichwa.
"Weye! Uliweka udongo ya matofali mu chujio?"
Mchanga unaoshikana una udongo ndani. Udongo ndio uliopaka maji rangi. Mchanga wa chujio haushikani, na lazima uoshwe. Miaka kumi na moja nashika udongo huu. Mjinga ni mimi. Hasira haijapungua, imegeuka upande tu.
Nilimwambia Feza, nikachukua ndoo.
"Papa, acha. Minyi mwenyewe nitafanya. Na Ijumaa usikuye ku masomo."
Hataki nionekane darasani tena.
Nilitupa ndoo ukutani. Imepasuka.

Alhamisi, 15 Mei
Ameazima ndoo ya jirani. Ameosha mchanga mara saba. Nilihesabu nikiwa mlangoni. Hakuniita hata kubeba maji.
Inauma. Ana haki. Inauma vilevile.

Ijumaa, 16 Mei
Sikwenda. Nilipanga matofali kwenye tanuru vibaya, msimamizi akanifokea, nami nikamfokea.
Saa sita na nusu Feza akaja na sare yake, katikati ya majivu. Wenzangu wakaacha kazi. Akanipa kichupa. Maji maangavu. Sifuri imefutwa.
"Mwalimu aliuliza nani alinifundisha kuosha muchanga. Nikamuambia papa yangu njo alienda kuuliza bafundi."
 Nikafungua kifuniko ninywe. Akaninyang'anya.
"Papa! Bado kuchemsha!"
Wenzangu walicheka. Mimi pia.
Yule mwalimu bado simpendi. Feza anasonga bukari, ugali wetu wa jioni. Kichupa kiko dirishani, na kupitia kwacho naona ua wote, kamba ya nguo, kuku wa jirani. Nimekaa tu.