Vyura wa Chumvi na Safari Yangu ya Kurudi Nakwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa na nguvu, na lile goti limekubali kupanda kilima cha kanisani bila kelele. Mimi huku Norway ni mzima, ila baridi imenipasua midomo, nacheka kwa upande mmoja. Mvua zimeshaanza huko Nakwa? Huwa nafumba macho nasikia bati letu linavyopigwa, nawe unapaza sauti tutoe ndoo nje. Nimekumbuka hata harufu ya moshi kwenye maziwa ya kibuyu. Yaani Mama, nimekumbuka kila kitu.

Utashangaa naandika wakati simu ipo. Simu yako unaiweka spika, na mwanangu Noela husikiliza kila neno. Haya ni ya kwako peke yako, yasome akiwa shule. Nimempa barua dada mmoja wa Dareda ninayesali naye, anakuja likizo.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana kila ukiuliza nakwepa. Mama, nalea vyura. Nimevuka bahari kuja kulea vyura! Wewe kila masika ulikuwa unamwaga chumvi mlangoni wasiingie ndani, na mwanao leo anawabadilishia maji. Wana kucha miguuni, kama wale wa kwenye dimbwi letu nyuma ya mahindi. Siku ya kwanza nilipowaona nililia, mkuu wangu akadhani naogopa.

Tunachochunguza ni ubongo wao. Maji yao tunayatia chumvi kidogo kidogo. Damu yao nayo inakolea, inajaa chumvi na urea, ndiyo, urea ileile unayowekea mahindi. Damu iliyokolea huvuta maji kutoka kwenye ubongo, kama chumvi inavyokamua maji kwenye vitunguu vya kachumbari. Ungedhani ubongo utanyauka. Haunyauki. Taratibu unajikusanyia vitu vyake vidogo, sukari ya aina fulani na vile vinavyojenga protini, navyo vinashikilia maji yasitoke. Chura anaendelea kula kama kawaida. Lakini ukimmwagia chumvi yote kwa mkupuo, kama ulivyokuwa ukifanya pale mlangoni, hapati nafasi ya kujiandaa.

Wiki iliyopita kundi moja la vyura lilikuwa limemaliza kazi. Nikawaonea huruma, nikajaza beseni maji safi yasiyo na chumvi, nikamwinua chura wa kwanza nimrudishe. Mkuu wangu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, akanishika mkono.

"Si hivyo, Theresia. Damu yake itarudi upesi, lakini ubongo bado umejaa vile ulivyokusanya. Utavuta maji uvimbe, na ndani ya fuvu hakuna nafasi."

"Lakini haya ndiyo maji ya kwao."

"Ndiyo, na yanaweza kumuua. Chumvi tunaipunguza kama tulivyoiongeza, polepole."

Mama, nilikaa kitini nikamfikiria Noela.

Nilimwacha hajaanza kuongea sawasawa, sasa yuko darasa la kwanza. Juzi kwenye simu, nilipokwambia narudi nyumbani, uliniambia, "Ukishuka tu stendi, unamchukua mtoto mnakwenda moja kwa moja Bagara, kwenye nyumba tuliyokupangia. Ni mwanao, atazoea." Halafu nikamsikia nyuma yako akiuliza, "Mama, dada wa kwenye simu anakuja lini?" Mama ni wewe. Mimi ni dada wa kwenye simu. Iliniuma, sitakuficha, nililia mpaka mto ukalowa. Lakini mtoto hajakosea. Nilipoondoka alijikusanyia cha kumshikilia, akakipata kwako: mgongo wako, uji wako, hata jina lako. Tukimhamisha kwa siku moja, vyote hivyo ataviweka wapi?

Kwa hiyo nakuomba, nyumba ya Bagara isubiri. Nitalala sebuleni kwako. Usimwambie, "Msalimie mama yako." Mwambie tuna mgeni. Mpe jagi na beseni aninawishe mikono, kama ulivyotufundisha sisi kuwanawisha wageni, nami nitamshukuru na kula nilichopewa. Akiamka akakimbilia kwako, mwache akimbilie. Najua majirani watasema mama gani huyu anayelala kwenye kochi huku mwanawe yuko chumbani. Waseme. Naogopa kumpoteza kwa haraka yangu kuliko ninavyoogopa maneno yao.

Msalimie kaka Emanueli, mwambie breki za bajaji yake zitengenezwe kabla sijapanda. Msalimie shangazi anayeuza perege sokoni, aniwekee wakubwa, huku samaki hawana ladha kabisa. Na vyura wakiingia masika hii, Mama yangu, tumia ufagio.

Noela mwache alivyo, usimfundishe neno lolote la kuniambia. Nitakuwa mgeni kwa muda atakaotaka yeye. Si unajua nyumbani kwetu jagi huanza kwa mgeni, wenyeji wananawa mwisho? Siku atakayonipita akaanza kumnawisha mtu mwingine, nitajua nimefika.

Mwanao,
Theresia