Keki Isiyo na Iliki

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya karakana ya redio.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Mjomba na wale mapacha. Mgongo je, umepata nafuu? Baba alituambia bado unakaa kwa kuegemea mto. Sisi huku miili ni mizima. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikikusikia tu ukisema "haya, niambie", maneno yote yananikimbia.

Najua unamuwazia Babu. Tangu tumzike Bibi, alikuwa akila vijiko viwili vitatu vya uji, kisha anafunga mdomo kama mtoto. Muuguzi anayekuja kumpima presha alimwambia Baba kwamba akiendelea hivyo itabidi alazwe, alishwe kwa mpira. Babu alisikia. Alisema akitolewa kwenye nyumba hii hatarudi akiwa anapumua, na Baba akatoka nje akajifanya anatafuta koleo. Tulipewa mpaka mwisho wa wiki.

Kuna jambo jingine ambalo Baba hatakuandikia. Jikoni kwetu kunanukia iliki. Si kila wakati. Ni mchana, jiko likiwa limezimwa na sufuria zimefunikwa. Iliki yenyewe haimo ndani ya nyumba, na kopo la Bibi nililiosha mwenyewe kwa maji ya moto nikalianika juani. Kaka ananicheka, anasema vitabu vimenipanda mpaka puani, Profesa sasa ananusa marehemu. Lakini nimemwona, Shangazi. Akipita jikoni mchana, anabana pumzi. Na kile kigoda cha Bibi hakuna anayekikalia, hata yeye anayekalia kila kitu, meza na ndoo za watu.

Ndipo nikafikiri labda Babu angekula keki ya Bibi. Tatizo likawa hiyo iliki. Sokoni imeadimika, mama muuza viungo alinigeuzia mfuko mtupu, akaniambia nichague, niwe na subira au niwe na akili. Nikaenda maktaba ya shule. Kuna kitabu cha upishi kinachosema kiungo kinachokosekana hutafutiwa mbadala kwa kazi yake: kuna kinacholeta utamu, kuna kinacholeta joto, na kuna kinacholeta harufu tu. Badala ya iliki, kinashauri mdalasini na kungumanga, sawa kwa sawa. Vanila nayo hatukuwa nayo, nikakwaruza ganda la chungwa. Nilifurahi mno. Nilidhani nimemaliza kazi.

Keki iliumuka vizuri. Kaka alikula vipande vitatu akiwa amesimama, akasema kwa mtu asiyeweza hata kusalimia wageni nimejitahidi. Babu alimega, akatafuna polepole, halafu akakitoa kipande mdomoni na kukiweka ukingoni mwa sahani.

"Aliyepika hii simjui," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta mgeni ameketi kitandani. Nilikwenda chumbani nikajifunika shuka pamoja na kitabu, lakini sikusoma.

Kesho yake nilimfuata Baba karakanani. Alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa, moshi wa kulehemu ukimpanda usoni. Nikamweleza vipimo vyangu vyote, na kwamba sijui nimekosea wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachomoa waya wa umeme, akakaa. Akaniambia Bibi hakuwa na vipimo, kwa sababu Bibi hakuwa akisikia harufu. Homa aliyougua kabla Baba hajazaliwa ilimwondolea pua kabisa. Aliificha siri hiyo maisha yake yote. Nani angemwagiza keki ya harusi mtu asiyesikia harufu? Wewe ulijua, Shangazi? Baba anasema yeye alijua akiwa mtu mzima, tena kwa bahati, alipomkuta Bibi amesimama kando ya maziwa yanayoungua, hana habari, anaimba.

Kumbe ndiyo maana ya kile kinu. Bila shaka unakumbuka Bibi alivyokuwa akikibeba kinu kidogo cha viungo mpaka kwenye kiti cha Babu, akakishika chini ya pua yake, na sisi wote tukidhani ni mapenzi tu ya wazee. Babu alikuwa akijibu "bado", au akijibu "imekubali". Basi, ndiyo hivyo. Mikono ilikuwa ya Bibi, pua ilikuwa ya Babu. Mimi nilikwenda kuitafuta ile keki maktaba, na nusu yake ilikuwa imekaa sebuleni kwetu ikikataa uji.

Ijumaa nilipotoka shule nilitwanga upya. Nikamwendea kama Bibi alivyokuwa akimwendea, kwa nyuma, upande wa kushoto, bila kusema neno. Sikukusudia kumdanganya. Unanijua, jambo zito naliweza kwa kalamu tu. Nikaweka kinu chini ya pua yake, naye akafumba macho.

"Bado."

Nikarudi kuongeza tangawizi kavu, kidogo kuliko ambavyo ningeweka mbichi, maana kavu ni kali zaidi. Akasema bado. Nikatwanga karafuu moja. Alikunja uso, nikajua imezidi, nikaongeza mdalasini kuituliza. Nilikwenda na kurudi mpaka Kaka, aliyekuwa akipiga pasi shati lake, akaacha kunitania. Safari ya mwisho Babu alifumbua macho. Alinishika kifundo cha mkono.

"Mbona mkono wako umekuwa mdogo hivi?"

Nilijua nikinyamaza atakula. Lakini niliogopa kuwa Bibi, niliogopa kwamba nikishakubali mara moja sitajua namna ya kurudi. Nikamwambia ni mimi, Kipanya wake.

"Najua," alisema, bila kuniachia. Alikuwa akitazama juu ya bega langu, kuelekea jikoni. "Yeye yuko hapo nyuma yako. Anangoja umalize." Kisha akakinusa kinu tena. "Imekubali."

Sikugeuka. Mpaka sasa sijui ningeona nini. Kaka alikuwa akitazama upande uleule, pasi imesimama juu ya shati, mpaka shati likaanza kutoa moshi. Nilipomuuliza aliona nini, alichukua shati akaenda kulisugua lile doa la kuungua.

Babu alikula kipande kizima, akaomba na maziwa. Jana alikula supu, baada ya kuinusa sufuria na kuniagiza nipunguze kitunguu saumu. Muuguzi amekuja leo asubuhi, ameridhika, habari ya mpira imekufa. Babu haendi popote.

Baba hajafurahi moja kwa moja. Anasema tunamlisha mzee pamoja na ndoto yake, na siku ndoto itakapokatika huenda akakatika nayo. Wewe ni mtoto wao, nawe uniambie kama ninakosea. Ila ile iliki uliyomwahidi Baba, nakuomba usiitume kwanza. Naogopa kubadilisha hata chembe moja.

Mimi naendelea kupika. Kila ninapotwanga, nasogea kidogo pembeni ya meza ili ibaki nafasi ya mtu wa pili kusimama. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nimejikuta tu nafanya.

Nisalimie Mjomba, na mapacha uwabusu shavuni kwa niaba yangu. Baba anakusalimu sana, Kaka pia, na Babu amesema nikuandikie kwamba amekula. Mungu akulinde huko uliko, ausimamishe mgongo wako, na akulaze salama.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Kipanya