Kuhusu Suruali Iliyolowa

Doreen,

Kabla hujatoka kwenda uani, vaa buti za mvua. Kuku wameshakula.

Uliponiuliza asubuhi kwa nini suruali imelowa, nilisema umande. Haukuwa umande. Jana usiku nilijibanza kwenye kibanda cha majembe na bunduki ya upepo. Nilikuwa nimepaka siagi ya karanga kwenye tofali ili yule panya anayeiba mayai aje. Akaja. Nikalenga kama jemadari, nikafyatua, nikatoboa pipa la maji ya mvua. Panya alinitazama kidogo, akaendelea kula.

Jirani Norman akachungulia kutoka dirishani kwake: "Umempata, Desmond?"

Nikasema, "Nimempata." Kwa hiyo akikupongeza, wewe mshukuru tu.

Vitunguu vyako vya mashindano ya mboga ya Jumamosi, vile vya kando ya pipa, ~~viko salama~~ ~~karibu vyote viko salama~~ vimeogelea usiku kucha. Kile kikubwa nimeking'oa nikakifuta kwa taulo. Kiko juu ya friji, usije ukakikaanga.

Naenda kununua pipa. Muulize dada yako kama yule paka niliyemkataa bado yupo.

Tofali usihangaike kuliosha. Limelambwa mpaka linang'aa.

Mumeo,
mlinzi wa kuku