Mnyama wa Kumi

Mdogo wangu Kitinda,

Habari za huko, na habari ya mwanetu? Nasikia ameshaanza kuchekea dari. Mpakate kwa niaba yangu, umnuse shingoni, halafu umwambie hiyo ni salamu ya mama mkubwa. Shemeji naye mgongo wake umepata nafuu? Sisi huku ni wazima, ila mikono yangu imechubukachubuka, na sababu utaisoma hapa chini.

Barua yako niliipata na, nisikufiche, iliniudhi. Eti mtoto humleti kwangu mpaka Kamanda achanjwe kichaa cha mbwa! Kamanda huyuhuyu anayekimbizwa na kuku! Nikaitupa juu ya kabati, nikamsuka mteja kwa hasira mpaka akaniomba nimwonee huruma. Nilipopoa nikaona una haki. Mbwa nampenda, lakini yaliyomo kwenye mate yake siyaoni. Lililoniuma zaidi ni lile la mwishoni, kwamba hata ukija utafikia kwangu tu, kwa baba hukanyagi, maana tangu ujifungue hajakupigia hata simu. Unamjua baba tangu mama atutoke. Ukimpa habari anaguna, ukimpa nyingine anaguna tena. Hata nilipopita kwake kumlalamikia barua yako, aliguna tu, akaendelea kunoa kisu chake.

Basi nikamfunga Kamanda kamba, huyoo, kwa daktari wa mifugo. Ni mama mmoja mpole, ila kwenye kazi yake hana mzaha. Akanieleza kwamba chupa moja ya chanjo hutosha wanyama kumi, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Hawezi kuifungua kwa ajili ya mbwa mmoja, dozi nyingine zikamwagwa. Nikikusanya kumi, mbwa na paka, atakuja mwenyewe barazani kwangu Jumamosi. Nikamwambia hilo dogo. Kumbe nimejitwisha zigo!

Saluni ikageuka ofisi ya chanjo. Kila aliyekaa kitini nilimbana, na ukishashikwa kichwa na msusi huna pa kukimbilia. Mwalimu wa jirani aliahidi mbwa wake wawili. Mama Mapacha aliapa kwamba hana paka, ila wapo watatu wanaolala jikoni kwake. Muuza mitumba ndiye aliyenipa kazi. Alishikilia kwamba mbwa wake hatoki nje ya geti, hicho kichaa atakitoa wapi? Nikamuuliza, na wale watoto wa mbwa wenye masikio yake waliojaa mtaani, wameletwa na upepo? Wanawake wote wakaangua kicheko, naye akasalimu amri. Wateja wengine wawili wakaahidi mbwa mmojammoja, na mpangaji wa chumba cha nyuma paka wake.

Jumamosi ilipofika, ungekuwepo ungevunjika mbavu. Mwalimu alikuja akiburutwa na mbwa wake kama yeye ndiye aliyefungwa kamba. Paka wa Mama Mapacha waliletwa ndani ya ndoo yenye matundu kwenye kifuniko, ndoo nzima inaunguruma. Kamanda wangu, jabali la mtaa, alipoliona sanduku la daktari alijichimbia chini ya mashine ya kukaushia nywele, nikamtoa kwa kuburuzana. Ndiyo hii mikono.

Kuhesabu, tukapata tisa. Paka wa kumi, wa yule mpangaji wa nyuma, alikuwa ameruka dirishani akapotelea mapaani. Daktari akahesabu tena, akatikisa kichwa, akasema anasikitika lakini itabidi tungoje mwezi ujao. Watu wakaanza kunung'unika na kukusanya kamba zao. Mimi nikakuona wewe na mtoto mnabaki hukohuko, machozi yakanilenga mbele za wateja wangu. Nilikuwa nimeshafua hadi mapazia, Kitinda.

Hapo ndipo baba alipotokea, na mfuko wake wa spana begani. Nikamwambia leo sinki halivuji. Alimsalimia daktari, akauweka mfuko mezani taratibu, akafungua zipu, na kichwa cha paka kikachomoza.

Weee! Baba! Aliyekuwa akitufukuzia paka kwa ndala, akiapa kwamba mnyama akiingia ndani yeye anatoka! Daktari alipouliza jina, baba akasema anaitwa Mpangaji, kwa kuwa alihamia mwenyewe bila kuomba ruhusa. Mnene huyo, manyoya yanang'aa, inaonekana anakula kuliko mwenye nyumba. Baba mwenyewe alimshika wakati wa sindano, akimnong'oneza sikioni maneno ambayo mimi na wewe hatukuwahi kunong'onezwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu.

Wote kumi walichanjwa, na mwakani daktari atarudi. Watu walipotawanyika, baba alibaki. Akamsogelea daktari, akamuuliza kama nyumba yenye paka aliyechanjwa inaweza kulaza mtoto mchanga. Daktari akamwambia inaweza, mradi paka asilale kitandani kwa mtoto. Hapo ndipo nilipoelewa. Wakati ule akinoa kisu, kila neno la barua yako lilikuwa likimwingia. Alidhani ukisikia ana paka ndiyo utapata sababu ya kutokanyaga kwake kabisa.

Nilimuuliza kwa nini hakukupigia simu. Akamkuna Mpangaji shingoni. Akaniambia kwamba miaka yote kuuliza habari ilikuwa kazi ya mama, yeye alikuwa akikaa pembeni akisikiliza. Anainua simu, analijua lile "haloo", halafu hajui kinachofuata. Nililia, na yeye akajifanya anakagua sinki.

Ameniagiza nikuandikie kwamba paka amechanjwa, kitanda chetu cha utotoni amekikaza skrubu, na bawaba za mlango amezitia mafuta ili zisipige kelele mtoto akilala. Siku hizi anaujaribu mlango asubuhi na jioni. Anaufungua, anasikiliza, anaufunga.

Njooni, mdogo wangu. Shemeji msalimie sana, na huyo mcheka dari mbusu miguu yote miwili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Chiriku